Ng'ambo

Babu yangu mzaa baba alihesabu kila kitu kwa thelathini. Mahindi ya mbegu aliyaning'iniza juu ya moshi jikoni, thelathini kila fungu. Ukimpelekea mzigo wa kuni anautazama tu, hajaugusa, anakwambia, "Hilo si tita. Zimepungua tatu." Unahesabu kwa hasira, unakuta ishirini na saba. Sisi wajukuu tulidhani ni uzee. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoambiwa kwamba ule haukuwa uzee, ulikuwa mkonge.

Alikuwa manamba. Alichukuliwa Iringa akiwa kijana, miaka ya mwanzo ya 1950, kupitia SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944 kuwatafutia vibarua kutoka bara. Lori, kisha treni, kisha lori tena. Unapewa namba, na namba ndiyo inakuwa jina lako. Alirudi na blanketi mbili, kovu kwenye ukope wa kushoto, na Kiswahili cha watu wa pwani ambacho pale kijijini kilimfanya aonekane anaringa. Na alirudi na sentensi moja iliyomtia aibu mpaka kufa: "Nilipokuwa ng'ambo..."

Baba zangu wadogo walimcheka sana kwa hilo. "Ng'ambo ipi mzee, London?" Walijua fika kwamba hajawahi kupanda meli. Yeye hakujibizana nao. Alimaliza ulanzi wake, akaendelea na stori pale alipoachia. Mahali penyewe alipataja kwa neno moja tu, Pangani, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Julai 2024 nilikuwa Tanga kwa wiki mbili nikipekua vitabu vya watu, na Jumamosi ya kwanza nikapanda gari la Pangani. Ni kama kilomita 50 hivi kwenda kusini. Barabara ilikuwa bado inatengenezwa: unakula lami, unakula vumbi, unakula lami tena. Kushoto bahari inajitokeza na kujificha, kulia minazi na mihogo, halafu ghafla mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanauma. Mama niliyekaa naye alikuwa amepakata ndoo ya unga na akanipa darasa zima la bei ya nazi Tanga mjini, bila kuulizwa.

Pangani ukishuka unaweza kuimaliza kwa nusu saa, na nadhani wageni wengi ndivyo wanavyofanya. Mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa unaingia baharini. Kuna mtaa mmoja wa maduka ya zamani ya Wahindi yenye roshani zilizoshika kutu, Boma lenye milango ya nakshi, nyumba za mawe ambazo nyingine zimebaki kuta tu na mti umeota sebuleni. Watu wanakupeleka Boma, wanakusimulia kwamba lilijengwa na Mwarabu wa Oman, na kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo ili jengo lisimame imara. Hiyo ni hadithi ya mji, kila mtu anayo. Kisha wanakuonyesha mto walikopakiwa watumwa, unapiga picha, unarudi Tanga.

Mimi nilikuwa na swali la kikulima zaidi. Nilitaka kujua babu alikata wapi.

Nilimkuta mzee mmoja barazani, kofia ya kiua, radio ndogo mapajani, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Watokea wapi?"

"Iringa, mzee."

"Mhehe?" Akazima radio. "Basi sisi na nyinyi tuna jambo letu. Nyundo tulimwasha sisi, mkaja kumzima nyinyi."

Nilicheka mpaka nikakaa bila kukaribishwa. Mtoto yeyote wa Iringa anamjua Nyundo. Ni Emil von Zelewski, yule kamanda wa Kijerumani aliyeuawa na askari wa Mkwawa pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Shuleni tulipelekwa kuona mnara wake, tukala mandazi chini yake. Kitu ambacho hakuna mwalimu aliyenieleza ni kwamba miaka mitatu kabla ya hapo bwana huyu alikuwa hapa Pangani. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilianza kushika forodha na utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na aliyewekwa Pangani kuisimamia alikuwa yeye. Alitaka bendera ya kampuni ipepee, akamtweza Liwali, mwakilishi wa Sultani, akawaletea askari wa manowari. Septemba mji ukachafuka. Zelewski na wenzake wakafungiwa ndani ya nyumba, na asingetokea Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, kutoka Zanzibar kumtoa, Lugalo ingepata mgeni mwingine.

Mzee alisimulia yote haya kama mtu anayezungumzia jirani mkorofi aliyehama juzi. Kisha akafika kwa Abushiri.

Abushiri bin Salim nilimsoma kama mpiganaji tu, jina kwenye orodha ya mtihani pamoja na Mkwawa na Kinjekitile. Mzee alimtaja kwanza kama mkulima. "Alikuwa na shamba lake la miwa hapa mtoni," akasema, akionyesha upande wa juu kwa kidevu. Karne ya 19 bonde hili lilikuwa la sukari. Matajiri wa Kiarabu walilima miwa kufuata mto, wakaikamua, wakachemsha maji yake kwenye masufuria makubwa mpaka yakawa sukari guru na asali, majahazi yakabeba kupeleka Zanzibar na Arabuni. Kwa hiyo yule aliyewasumbua Wajerumani mpaka Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani, akamtuma kamanda Wissmann na jeshi la kukodi alikuwa pia mtu mwenye wasiwasi wa mavuno, mwenye deni, mwenye masufuria ya kulinda. Kwangu mimi alianza kuwa mtu hapo.

"Na miwa yenyewe ilikatwa na nani?" nikauliza. Mazoea ya kazi, naulizaga mstari wa gharama.

Mzee aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Watumwa, mwanangu. Nani tena?"

Abushiri walimkamata Uzigua, wakamnyonga mji huuhuu tarehe 15 Desemba 1889. Kuna kijiji cha Bushiri mpaka leo wilayani humo, na kina mkonge wake. Mashujaa wetu wengine ukiwafuata mpaka shambani unawakuta na nyapara. Sikusema hivyo kwa sauti. Mzee alikuwa ameniagizia kahawa.

Nilimweleza habari za babu. Akaniuliza, "Kambi gani?" Sikujua. "Namba yake?" Sikujua. Akatingisha kichwa kwa masikitiko ya kiualimu, kama mwanafunzi niliyekuja bila daftari. Akasema niende Kikogwe, kwa sababu kila kitu cha mkonge nchi hii kilianzia Kikogwe.

Lakini jua lilikuwa limeshazama na njaa ilikuwa inauma. Gesti niliyolala sitaitaja. Haikuwa na maji, chandarua chake kilikuwa na tundu la kupita paka, na mhudumu alinieleza kwamba maji "yanakuja" kwa uhakika wa mtu anayezungumzia Kiyama. Nikatoka kutafuta chakula.

Nyuma ya kibanda cha mama ntilie kulikuwa na kijana anafua nazi. Nilisimama kumtazama mpaka nikasahau samaki wangu. Kifuo chake ni chuma bapa chenye ncha, kimechomekwa ardhini kinafika gotini. Anaishika nazi kwa mikono miwili, anaichoma kwenye ncha karibu na kikonyo, anaisokota kwa kulalia uzito wake wote upande mmoja, kumbi linaachia na sauti kama kitambaa kinachochanwa. Anageuza, anachoma tena, anasokota. Mara ya tatu kifuu kinatoka kichwa kipara, na lile kumbi analirusha nyuma bila kuangalia. Nilitoa simu kupima: sekunde nane, tisa, nane. Nikaomba nijaribu. Nilichoma vizuri, nikasokota, na nazi ikazunguka pamoja na mimi. Watoto wakafurahi.

Nikajitetea kwamba nazi aliyonipa ni ngumu. "Hiyo si nazi dada, hilo koroma," akasema. Kumbe nimeishi miaka yote nikiita kila kitu cha mnazi nazi! Akanipanga kama mtoto wa chekechea: kidaka ndicho kile kichanga kinachodondoka chenyewe, kitale kimeanza kuwa na maji, dafu unakunywa na kulamba nyama yake laini, koroma limeanza kukomaa lakini bado, na nazi ndiyo nazi. Na ipo ile iliyoharibika ndani, joya, haina tui wala maji ya maana. Mama akaongezea kutoka jikoni, akiwa amekalia mbuzi anakuna, kwamba wanaume wengi ni majoya, na kibanda kizima kikakubaliana naye.

Wali wake ulikuwa na tui zito la kwanza. Nilisafisha sahani.

Nilikunywa tembo la mnazi pia, kikombe kimoja, kwa utafiti. Sisi Iringa tunagema mianzi. Mvua zikianza chipukizi linakatwa ncha, unafunga mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, chini yake, asubuhi una ulanzi. Mgema wa huku anapanda juu kwenye kilele anakata karara la mnazi, na mnazi haungoji mvua. Tembo la pwani ni jepesi na tamu kuliko letu. Nasema hivi nikijua kwamba mgema akisifiwa.

Jumapili saa moja asubuhi nilikwenda kwenye pantoni. Nilikuta foleni: bodaboda, gunia za mkaa, mbuzi wawili, bibi mwenye kuku kwenye tenga. Pembeni nguzo za daraja jipya zilikuwa zimeshasimama mtoni, kreni zimelala kwa kuwa ni Jumapili. Kijana aliyekuwa mbele yangu alipigiwa simu na mwenzake, akaitikia kwa nguvu ili asikike juu ya injini:

"Mimi naenda ng'ambo! Nakwambia naenda ng'ambo, nitarudi mchana!"

Nilimgusa bega. "Samahani kaka, unaenda wapi?"

Akanitazama vizuri. "Ng'ambo," akasema, akionyesha Bweni, nyumba zile pale, minazi ile pale, ungeweza kuona mtu anaanika nguo. "Si pale?"

Nilivuka nikiwa nimeshika reli kwa mikono miwili. Maji yalikuwa shwari kabisa, sikuwa na sababu nyingine ya kushikilia.

Mzee mwingine, huyu mkulima wa mpunga, aliniona naukodolea mto macho akadhani ninauhurumia, akaanza kuusemea. Mto huu unatoka Kilimanjaro na Meru, unakuja umekatwa njiani: Nyumba ya Mungu, Hale, mitambo ya umeme ya maporomoko ya Pangani, na mifereji ya wakulima wote wa juu. Ukifika hapa umechoka. Bahari inaona umechoka, inapanda. Zamani maji ya chumvi yalikuwa yanaishia chini, sasa yanaingia ndani na kuharibu mashamba ya kando, na minazi ya karibu na maji inakauka vichwa. "Mto ukikonda, bahari inalima badala yako," akasema, na akashuka na baiskeli yake kabla sijamuuliza analima ekari ngapi.

Bodaboda akanipeleka njia ya Kikogwe na Mwera. Hapa ndipo nilipotaka kufika, na hapa pana hesabu ambayo mkaguzi yeyote angeikataa. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa ileile kampuni ya akina Zelewski, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, kwa kuwa Mexico ilikokuwa asili yake hawakutaka mbegu itoke. Miche ikazungukia Hamburg, ikafika huku imeoza. Iliyopona ni 62. Asilimia sita na kidogo. Mimi ningeandika "hasara" kwa kalamu nyekundu na kufunga faili. Wao wakaipanda Kikogwe, na kutoka kwenye hiyo 62 ukatoka mkonge uliojaza Tanga, Korogwe, Morogoro, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ikawa ya kwanza duniani, zaidi ya tani 200,000 za singa, zile nyuzi zake, kwa mwaka. Kisha nailoni na kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na mengine yakabaki kichaka.

Miche 62 kujaza nchi inawezekana kwa sababu mkonge hauzaliani kwa haraka ya sisi watu. Unaishi miaka kama kumi ukikatwa majani, halafu siku moja unaamua. Unatoa mlingoti mmoja katikati, mrefu kuliko nyumba, unatoa maua, na juu kabisa kwenye matawi unazaa miche midogo kwa mamia, iliyo tayari na majani yake. Ikishadondoka, mama anakufa. Niliona milingoti mingi imesimama mikavu. Watu wanaikata wanajengea mabanda ya kuku.

Kuna shamba ambalo lilikuwa linakatwa hata Jumapili hiyo. Nikamwomba bodaboda asimame. Mkataji mmoja wa makamo alikuwa karibu na barabara, amevaa buti za mpira na suruali mbili, moja juu ya nyingine. Nikamsalimia, nikaomba nitazame tu. Anainama, anaingiza kisu chini ya jani pale linapokutana na shina, linatoka kwa pigo moja. Ncha ya jani ni mwiba mweusi mgumu kama msumari. Anaukata kwanza, papo hapo, kabla hajafanya lolote. Nikaelewa kovu la babu. Jani likikuelekea na ukainama vibaya, mwiba unakuja jichoni. Utomvu wake unawasha. Mikono yake ilikuwa na vipele mpaka kwenye kiwiko, na babu yangu alijikuna mikono jioni mpaka anakufa, miaka hamsini baada ya jani la mwisho.

Anayalaza majani mkononi yakielekea upande mmoja. Midomo inatembea bila sauti. Halafu anafunga.

"Mangapi hayo?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimehesabu naye.

"Thelathini. Ndiyo tita, dada. Likipungua hawalipokei."

Bodaboda aliniuliza kama nimeumwa na kitu. Nikamwambia ni vumbi.

Mkataji alinieleza yanakokwenda: matita yanapakiwa, yanapelekwa korona, mashine inayapondaponda na kuyakwangua chini ya maji, zinabaki singa, zinaanikwa kwenye waya kama nywele za bibi kizee. Katika kila kilo 100 za majani singa hazizidi kilo 4 hivi. Zinazobaki ni uji wa kijani unaonuka ukichacha. Babu alisema korona inanuka kama ulanzi wa siku tano, na nilidhani anatania.

Kipande cha babu, ile kadi ya manamba, nacho kilikuwa na siku thelathini, unawekewa alama kila siku uliyofanya kazi, na mshahara hauivi mpaka vyumba vyote vijae. Siku ukiugua, haipo. Majani thelathini, siku thelathini. Mtu akiishi ndani ya namba hiyo miaka mitatu, sioni jinsi ya kurudi kuhesabu kuni kwa kumi kumi.

Pantoni ya kurudi ilichelewa. Nilikaa chini ya mwembe upande wa Bweni, nikaangalia Pangani kutoka kule alikoiona babu: Boma, forodha, mapaa ya kutu, mji wa mawe unaong'aa kidogo juani, ng'ambo ya mto. Kumbe neno lenyewe linageuka kutegemea umesimama wapi. Nikampigia baba mdogo, yule aliyecheka kuliko wote.

"Baba mdogo, shikamoo. Niko ng'ambo."

"Marahaba. Ng'ambo wapi tena? Wamekupeleka Ulaya?"

"Ng'ambo ya babu. Nimevuka leo asubuhi na pantoni. Nauli haifiki bei ya soda."

Nilisikia redio nyuma yake, na kuku. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaangalia kama mtandao umekata.

"Na samaki," akauliza mwishowe, "huko samaki wanauzaje?"